Hidramu ya kitalu cha parachichi, Rungwe: shajara ya mradi

Hii ni kumbukumbu ya hidramu, pampu inayopandisha maji bila umeme wala mafuta, tuliyoifunga kwenye kijito kimoja huku Rungwe kwa ajili ya kitalu cha miche ya parachichi. Vipimo na gharama vipo kwa anayetaka kuiga. Ila nafasi kubwa nimeipa jambo ambalo michoro ya pampu hizi hailigusi, nalo ni kuwaza. Kazi yote ya hidramu inafanyika gizani, ndani ya chuma, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Huwezi kuchungulia. Inabidi uione kichwani kwanza, na ukiiona vibaya unakata bomba vibaya.

18 Mei 2024: Korongo na vipimo

Kitalu kiko mgongoni, kijito kiko korongoni chini ya migomba. Mama mwenye kitalu amekuwa akivuta maji kwa pampu ya petroli, na ikigoma vijana wanabeba ndoo. Kukihamishia kitalu karibu na maji haiwezekani: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na hata isingekataza, kule chini jua linachelewa kufika na mizizi ingeoza. Nguzo za umeme ziko mbali. Sola alishatajiwa bei, akashukuru akaondoka. Kwa pampu hii tulifuata kwanza kibali cha kutumia maji ofisi ya bonde la maji. Hatua hiyo msiiruke.

Tulipima mwinuko kwa mpira wa levo, ule wa waashi. Kutoka tutakapozuia maji yawe bwawa hadi itakapokaa pampu ni mita 4 kushuka. Kutoka kwenye pampu hadi tangi la kitalu ni mita 32 kupanda. Kijito kina maji mengi sasa kwa sababu mvua ndiyo kwanza imekatika, kwa hiyo kipimo cha leo hakina maana kubwa. Nilimwomba Babu jirani, ambaye shamba lake linapakana na korongo, anionyeshe Oktoba. Akashuka akagusa jiwe moja kwa fimbo: maji huishia hapa. Tukapigia hesabu alama ile.

Hesabu ya hidramu ni fupi. Chukua lita zinazoingia kwa dakika, zidisha kwa mita za kushuka, gawanya kwa mita za kupanda, kisha toa kinachopotea. Pampu nzuri ya dukani inakupa karibu asilimia 60. Ya kujitengenezea ukipata nusu shukuru. Lita 60 zikiingia kwa dakika, nusu ya hesabu inatoa lita 3.75 kwa dakika. Inaonekana kidogo, lakini pampu hii hailali: kwa saa 24 ni lita 5,400. Kitalu kinakunywa kama lita 3,000 siku ya jua kali.

Babu alisikiliza yote, kisha akasema, "Fundi, maji hufuata mkondo. Hayajawahi kupanda mlima yenyewe." Nikamwambia yatapanda machache kwa mgongo wa mengi. Hakuonekana kuridhika, na haki yake.

25 Mei: Safari ya tone

Kabla ya kununua hata nipo moja (kiungo kifupi cha bomba), niliwakalisha wote kwenye mawe ya kijito: Mama, binti yake wa kidato cha pili, fundi wa kuchomelea kutoka Tukuyu mjini, vijana wawili wa kitalu, na Babu. Nikaomba kila mmoja asimulie safari ya tone moja la maji, kuanzia bwawani hadi kwenye tangi, akitaja kila mahali tone linapopita na kinacholisukuma. Kazi hii haina gharama, na naishauri kwa mradi wowote wenye sehemu zisizoonekana. Mtu anaposimulia, unasikia waziwazi mahali anapoanza kubabaisha. Wengi wetu tulibabaisha mahali pamoja: pale maji yanapoacha kushuka na kuanza kupanda.

Nikawapa picha yangu. Coaster ya Mbeya kwenda Tukuyu imejaza, watu wamesimama hadi mlangoni, iko kasi kwenye mteremko wa kuingia Kiwira. Dereva anakanyaga breki. Waliosimama wote wanamiminika mbele. Sasa chukulia kwamba kando ya dereva kuna kidirisha kinachofunguka kwa nje tu. Wawili watatu watatokea hapo, wapende wasipende, kwa uzito wa wote walio nyuma yao, na kidirisha kitajifunga. Hao ndio maji yanayopanda kwenye tangi. Breki ni valvu ya kumwaga, ile inayotoa maji nje, ambayo mkondo wenyewe ukishapata kasi unaifunga kwa kishindo. Kidirisha ni chek valvu, inayopitisha maji upande mmoja tu.

Picha ilieleweka upesi, hadi Babu akatikisa kichwa kukubali nusu. Binti akauliza, "Sasa maji yakishagonga na kufungiwa, yanarudi wapi?" Tukacheka. Mmoja wa vijana akamjibu kwamba maji hayana rivasi. Tukaendelea na orodha ya vifaa.

1 Juni: Valvu, na watu wawili wa zamani

Valvu ya kumwaga ndiyo moyo wa pampu. Tulichukua futi valvu ya shaba ya inchi mbili, ile inayowekwa mwisho wa bomba la kunyonyea maji, tukatoa chujio na springi, tukaifunga kichwa chini miguu juu kwenye mdomo wa juu wa tii, kiungo cha bomba chenye midomo mitatu. Ikigeuzwa hivyo, kile kisahani cha ndani huning'inia wazi kwa uzito wake. Maji yakipita kwa kasi ya kutosha yanakiinua na kukibana. Tulipitisha bolti ndefu katikati ya kisahani, ikatokeza juu, ili tuweze kuongeza au kupunguza washa za chuma, vile visahani vyenye tundu katikati. Ukiongeza uzito, maji yanahitaji kasi kubwa zaidi kuifunga.

Wakati fundi anachomelea nilikuwa nikiwasimulia ilikotoka pampu hii, maana hadithi yenyewe inafundisha. Mwaka 1772 John Whitehurst, fundi saa wa Derby huko Uingereza, alitengeneza chombo kilichopandisha maji kwa mshtuko ule ule wa maji yanayokatizwa ghafla. Lakini chake kilihitaji mtu wa kufungua na kufunga koki kwa mkono. Mshtuko huo kila fundi bomba anaujua, ule mlio wa "gudu!" ukutani ukifunga koki haraka. Sisi wengine tunaulaani kwa sababu unalegeza viungo. Yeye aliutumia kupandisha maji.

Hatua iliyobaki ilichukua zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1796 Joseph-Michel Montgolfier, Mfaransa wa ukoo wa watengeneza karatasi, ndiye yule yule ambaye mwaka 1783 yeye na mdogo wake Étienne walirusha puto la hewa ya moto, alimwondoa mtu kwenye koki. Hakuongeza mashine. Aliwaza maji yenyewe yafanye kazi ya mkono: yakienda kasi yafunge, yakitulia yafungue. Vifaa vyote alivyohitaji Whitehurst alikuwa navyo pia. Hapo ndipo ninapoona tofauti ya kuwaza na kubuni vitu vipya. Chuma kilikuwa kile kile, kilichobadilika ni nani anayeshika koki.

Tangu siku hiyo tukawa na sharti: kabla ya kufungulia maji, kila mtu aandike kwenye daftari kitakachotokea na kwa nini. Bila kuandika, kila mtu baadaye husema alijua.

15 Juni: Bomba la plastiki

Bomba la kuteremsha, kutoka bwawani hadi pampu, tulifunga la PVC la inchi mbili, mita 18. Sababu ni bei. La chuma lilikuwa karibu mara tano. Daftari la siku hiyo linaonyesha wote tulitabiri maji yatafika kwenye tangi ndani ya nusu saa. Babu aliandikisha "hapana", bila sababu.

Valvu ilipiga, lakini kwa sauti ya kizembe. Saa nzima tangi likakaa kavu. Tulishuka na ncha ya rola la kupandishia, yaani bomba linalopeleka maji kwenye tangi, tukiishusha kidogo kidogo mlimani hadi maji yakaanza kutoka: kama mita 25 juu ya pampu. Hapo yalidondoka, juu ya hapo hayakwenda. Tukaongeza washa. Yakapanda mita moja mbili, kisha kiungo cha gundi karibu na pampu kikaachia, na bomba likaruka kando.

Jibu halikuwa kwenye valvu. Kabla kiungo hakijaachia nilikuwa nimeweka kiganja juu ya PVC. Kila kishindo, plastiki ilivimba chini ya vidole na kurudi. Kidogo sana, huwezi kuona kwa macho, ila mkono unajua. Picha ya Coaster haikuwa na hilo ndani yake, maana bodi ya basi haitanuki breki zikipigwa. Kila kuvimba kule ni nguvu inayoishia kulitanua bomba badala ya kuinua maji.

Usiku nikaitafuta hesabu yake. Nikolai Zhukovsky, aliyechunguza mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19, alionyesha kwamba presha inayoruka maji yakizuiwa ghafla ni uzito wa maji kwa ujazo, mara kasi ya mshtuko ndani ya bomba, mara kasi ya maji iliyozuiwa. Kasi ya mshtuko inategemea ugumu wa bomba. Kwenye chuma ni karibu mita 1,300 kwa sekunde, kwenye PVC ni karibu 400. Kwa hiyo ukizuia maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde, chuma kinakupa presha ya kusukuma maji mita 130 hivi kwenda juu. PVC inakupa 40. Sisi tunahitaji 32 na juu yake msuguano wa rola, chek valvu na viungo vinavyovuja. Mita 25 zetu zilikuwa zimeandikwa kwenye bomba tangu dukani.

Ndiyo maana sipendi watu wanaposema ukiwa na mawazo hesabu si lazima. Kiganja kiliniambia bomba linavimba. Kisingeniambia kwamba kuvimba kunakula theluthi mbili.

29 Juni: Chuma

Vipande vitatu vya GI (bomba la chuma lililopakwa zinki) vya inchi mbili, mita sita kila kimoja, kutoka Mwanjelwa, Mbeya. Vijana waliviteremsha korongoni kwa mabega. Urefu wa mita 18 tuliuacha ule ule: kanuni ya mafundi ni mara tatu hadi saba ya mteremko, na kwa mteremko wa mita 4 hiyo ni kati ya mita 12 na 28. Bomba likiwa fupi mno mshtuko unapotelea bwawani, likiwa refu mno msuguano unakula kasi. Tumeilaza pampu kwenye zege lenye nondo na kuibana kwa bolti nne, kwa sababu isipobanwa itajisogeza yenyewe hadi ilegeze yunioni, kile kiungo cha kufungulia bomba.

Kuna jambo la kuwasha ambalo litawasumbua wengi. Ukifungulia maji rola likiwa tupu, valvu inajifunga mara moja na kubaki imefungwa. Huku juu hakuna kinachokinza, maji yanapita tu. Weka geti valvu (koki ya kufungua na kufunga) mwanzo wa rola, ifunge, kisha bonyeza kile kisahani kwa mkono, kikifunga bonyeza tena, hadi presha ijae na kianze kupiga chenyewe. Halafu fungua geti valvu taratibu. Sisi tulibonyeza hadi vidole gumba vikavimba, ndipo ikashika mwendo.

Sauti ilibadilika kabisa, kavu na ya uhakika, mapigo kama 60 kwa dakika. Maji yalifika kwenye tangi kabla chai haijaiva. Mama alisimama pale anaangalia yale matone yanavyokuja kwa kusitasita, akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akauliza yanatosha miche mingapi. Tulipima kwa ndoo: lita 3.6 kwa dakika. Kwa hesabu ile ya lita 60 zinazoingia, kabla ya kutoa kinachopotea ni lita 7.5, kwa hiyo tumepata karibu asilimia 48.

Washa tulizibadilisha mchana kutwa. Uzito mdogo, mapigo ya haraka, maji kidogo juu. Uzito mkubwa mno, mapigo ya polepole, maji mengi yanamwagika na pampu inatetemeka. Tulisimama pale lita za juu zilipoacha kuongezeka. Sina ujanja wa kuwapa hapa zaidi ya subira na saa ya simu.

20 Julai: Sauti ya chuma tupu

Mama alipiga simu: pampu inapiga kelele kama inataka kupasuka, na maji juu yanakuja kwa kuruka, kisha kimya, kisha kuruka. Tulikuwa tumetumia mtungi wa zamani wa kuzimia moto, kutoka kwa wauza chuma chakavu, kama chumba cha hewa. Hewa iliyonaswa ndani ndiyo inayopokea kila kishindo na kukisukuma juu kwa upole. Tulifungua mtungi, ukawa umejaa maji hadi juu. Hewa haikuwepo. Hakukuwa na tundu, kulehemu kulikuwa kuzima.

Hewa huyeyuka kwenye maji, hasa chini ya presha, na maji yanayopita yanaibeba kidogo kidogo hadi inaisha. Kumwaga mtungi na kuanza upya kunasaidia kwa siku chache tu. Nani atashuka korongoni kila wiki? Kijana mmoja akapendekeza tuweke tyubu ya bodaboda iliyojazwa upepo ndani ya mtungi. Ni njia inayofanya kazi, wapo wanaoitumia, ila mdomo wa mtungi wetu ni mdogo na hatukutaka kuukata.

Tukarudi kwenye mawe, tukarudia safari ya tone. Kila aliyesimulia aliishia pale kidirisha kinapojifunga, kisha akaruka moja kwa moja hadi valvu ya kumwaga ikiwa wazi tena. Binti ndiye aliyekataa kuruka. "Coaster ikishasimama kabisa," alisema, "si mnaanguka tena kwa nyuma?"

Ndivyo. Kila aliyewahi kusimama kwenye Coaster anajua: breki inakutupa mbele, na gari likituama mwili unarudi nyuma. Tulikuwa tunaikata picha kabla haijaisha. Swali lake la Mei lilikuwa ndilo hilo hilo, na lilikuwa na jibu: baada ya kishindo, maji yaliyobanwa yanarudi nyuma kidogo kwenye bomba la kuteremsha. Kwa kurudi kule, presha ndani ya tii inashuka hata chini ya presha ya hewa ya nje, ndiyo maana kisahani kinaanguka na kufungua. Sote tulikuwa tunaona kinafunguka, na hakuna aliyekuwa anauliza kinafunguliwa na nini wakati maji ya mita 4 yanakikandamiza.

Kama ndani kuna kunyonya, basi tunaweza kuingiza hewa bila pampu ya baiskeli. Tulitoboa tundu la milimita mbili kasoro chini kidogo ya chek valvu. Niliweka ncha ya kidole juu yake pampu ikiendelea. Kila kishindo kilinirushia uzi mwembamba wa maji, na mara tu baada yake ngozi ilivutwa kuingia tunduni. Binti naye akaweka kidole chake, akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kila pigo, tundu linavuta hewa kidogo, na pigo linalofuata linaipeleka kwenye mtungi. Inavuja matone, na inafaa ivuje. Usije ukaiziba.

Fundi wa kuchomelea, ambaye alisoma Iringa, alikumbusha habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, Mpemba aliweka maziwa ya moto kwenye friza bila kusubiri yapoe, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Aliyemfundisha akamwambia amechanganyikiwa. Aliibeba hoja yake hadi shule ya Mkwawa, Iringa, na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza na wanafunzi, akamuuliza mbele ya watu kwa nini maji ya moto huganda kabla ya ya baridi. Wenzake wakacheka. Osborne aliporudi chuoni akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Kwetu habari hii husimuliwa kama hadithi ya mtoto mwenye msimamo. Mimi navutiwa zaidi na upande wa Osborne. Angeweza kumsifu kijana kwa kuuliza vizuri na kupanda gari lake. Alirudi akahakikisha limepimwa. Na jambo hilo bado halijatulia: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio kwa uangalifu, hawakuona maji ya moto yakiyashinda ya baridi kwa maana yoyote, wakaonyesha kwamba kupandisha au kushusha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kugeuza matokeo. Swali zuri linaweza kuishi miaka hamsini bila jibu la kudumu. Swali la binti wa Mama lilikuwa na bahati zaidi, kidole kilitosha.

24 Agosti: Hewa mahali isipotakiwa

Hewa kwenye mtungi ni rafiki. Hewa kwenye bomba la kuteremsha ni adui, kwa sababu inabonyea, na maji yenye hewa hayagongi, yanasukuma tu kwa ulegevu. Wiki hii pampu ilikuwa inapiga vizuri asubuhi na kuzembea mchana. Tulisafisha wavu uliojaa majani ya mikaratusi, ikapona, kesho yake ikarudi vilevile.

Kwa kurudia safari ya tone hatukupata kitu, maana wote tulianzia ndani ya bomba. Aliyegundua ni Mama, na hakuwa anawaza pampu. Alitupa ubao bwawani apigie magoti wakati wa kufua wavu, na pampu ikabadilika sauti. Akautoa, ikazembea. Akaurudisha, ikapona. Akatuita tukaangalie. Juu ya mdomo wa bomba palikuwa na kizunguzungu cha maji chenye tundu jembamba katikati, kinachoshusha hewa hadi ndani. Asubuhi bwawa lilikuwa na kina cha kutosha, mchana kina kilipungua na kizunguzungu kikajitengeneza. Ubao ulikuwa unakivunja.

Tulipandisha ukingo wa bwawa ili mdomo wa bomba ukae angalau sentimita 30 chini ya uso wa maji, na ubao tukauacha pale pale, umefungwa kamba. Nawaambia wanaoiga: wazeni vizuri, ila acheni pia watu wafanye kazi zao karibu na mradi.

19 Oktoba: Jiwe la Babu

Maji yamefika kwenye jiwe lile lile, sentimita mbili chini ya alama ya fimbo. Pampu ikawa inamaliza maji ya bwawa, inasimama, bwawa linajaa, mtu anashuka kuiwasha. Tulipunguza washa. Sasa inakula kama lita 40 kwa dakika na kupiga haraka zaidi, na juu zinafika lita 2.4 kwa dakika, yaani lita 3,456 kwa siku. Kitalu kinapona kwa tabu. Mama amefunika nusu ya miche kwa nyasi na kumwagilia jioni tu.

9 Novemba: Gharama na yaliyobaki

GI ya inchi mbili, vipande vitatu: 330,000. Rola la robo tatu inchi, mita 150: 225,000. Futi valvu, chek valvu, tii, nipo, yunioni na bushi: 118,000. Saruji na nondo: 75,000. Mtungi chakavu na kuchomelea: 45,000. Geti valvu, wavu na vidogo vidogo: 38,000. Usafiri kutoka Mwanjelwa: 40,000. Kubeba mabomba: 30,000. Jumla shilingi 901,000, bila ufundi wangu. Ongeza 62,000 za PVC na gundi, ambazo nyinyi msizitumie. Tangi lilikuwepo. Pampu ya petroli ilikuwa ikila lita mbili hivi kwa siku ya kiangazi, kwa hiyo mwenye kupiga hesabu ataona inajilipa kwa karibu msimu mmoja wa kiangazi.

Mpira wa kisahani umeliwa upande mmoja baada ya miezi minne. Tulikata mwingine kwenye tairi kuukuu la gari, unene wa milimita sita, na hadi sasa unabana vizuri kuliko wa dukani. Mvua zikianza mchanga utakuja, kwa hiyo wavu utatolewa na kusuguliwa kila baada ya mvua kubwa, na bwawa tumeliwekea tundu la kutolea tope.

Jirani wa ng'ambo anataka maji mita 70 juu kwa mteremko ule ule wa mita 4. Daftari lina utabiri: kwa asilimia 48 na lita 60, atapata lita 1.6 kwa dakika, na binti ameandika pembeni kwamba hazitafika hizo, kwa sababu presha ikizidi chek valvu itavujisha zaidi kila pigo. Jirani ana ng'ombe wawili na bustani ya mboga, zinaweza kumtosha hata zikipungua. Tukishavuta mpira wa levo kwenye korongo lake nitaweka vipimo hapa.